Nauli ya Kwenda Kukimbizwa

Kwa wasioishi Dar es Salaam, nieleze kwanza jogging ni kitu gani. Ni kikundi cha watu wazima wanaoamka Jumamosi alfajiri, wakavaa fulana za rangi moja zenye jina la mtaa mgongoni, wakashika barabara kwa nyimbo huku wenye magari wakisubiri na kununa, kisha wakafika mahali penye sufuria la supu. Hapo ndipo shughuli inapoanza. Mimi ni mwanachama mwaminifu wa jogging ya mtaani kwetu na ada ya supu sijawahi kudaiwa. Kwenye kukimbia huwa nakaa nyuma, karibu na gari la muziki, kwa sababu za kiusalama.

Aliyeharibu mambo ni mama watoto. Naye alianza kwa fulana, halafu akanunua saa. Saa ile inamhesabia mapigo ya moyo, inamwambia jana hakulala vizuri, inamshauri leo apumzike, na huo wa kupumzika ndio ushauri pekee asioufuata. Akatoka kilomita tano akaingia kumi, akaenda Moshi kwenye Kilimanjaro Marathon akarudi na medali ya nusu marathoni, na ukuta wa sebuleni ukaanza kuota misumari. Siku moja akaja na jambo jipya linaloitwa likizo ya kukimbia. Watu wanasafiri na familia, akasema, wanakodi gari, wanazunguka kuona nchi, na katikati ya safari wanashiriki mbio. Nikamuuliza nani anawafukuza.

"Baba watoto, punguza maneno," akaniambia. "Nimeshalipia."

Amelipia Iceland. Kisiwa kiko juu kabisa ya ramani, pale ambapo walimu wetu wa jiografia walikuwa wakipafunika kwa kiganja wanaposhika ukuta. Watu wake wote hawafiki laki nne, maana yake Temeke peke yake inawazidi na chenji inabaki. Ubalozi wao Dar hakuna, maombi ya viza yanapitia kwa wenzao wa Ulaya, na huko unaulizwa taarifa za benki za miezi kadhaa, barua ya mwajiri, vyeti vya watoto, na uthibitisho kwamba utarudi kwenu. Hilo la mwisho liliniumiza. Mtu atoke Dar es Salaam akazamie kwenye nchi ambayo mwezi wa Juni, katikati ya kiangazi chao, wanashangilia nyuzi 10?

Tulipofika, kijana wa kukodisha magari alinikalisha chini kunieleza bima. Ipo ya gari kugongwa, sawa. Ipo ya kokoto kupasua kioo, sawa, hata barabara ya kwetu inajua hilo. Halafu akaleta bima ya mchanga na majivu. Upepo wa huko, alisema, unaweza kupeperusha mchanga wa volkano ukalichuna gari rangi ubavu mzima. Dar mchanga tunaununua kwa lori, leo nilipie usinifuate! Nililipa. Akaongeza kwamba upepo ukiung'oa mlango wakati unashuka, hiyo haimo kwenye bima hiyo. Gari liegeshwe likitazama upepo, na mlango ushikwe kwa mikono miwili. Ukizama mtoni, nako ni juu yako. Na ukigonga kondoo, unamlipa mfugaji, maana kondoo wa huko kiangazi wanaachiwa nchi nzima, wala hawana mchungaji wa kulaumiwa.

Basi nikawasha gari. Usukani kushoto, barabara kulia, upepo pande zote, na taa za mbele zinawaka mchana kweupe kwa sababu ndiyo sheria yao. Kijana wangu wa kidato cha tatu alikaa nyuma akisoma vibao kwa sauti, na dada yake akamsahihisha, ingawa wote wawili walikuwa wanakosea. Kuna mji mdogo njiani unaitwa Kirkjubæjarklaustur. Ile simu ya kuelekeza njia, inayojua kila kichochoro cha Kariakoo, ilifika kwenye jina hilo ikanyamaza, ikasema tu, "Endelea moja kwa moja."

Wana barabara moja kubwa inayozunguka nchi nzima, inaitwa tu Namba 1, ina urefu wa takriban kilomita 1,320, na ilikamilika mwaka 1974 baada ya kupata madaraja ya kuvuka mito ya kusini inayotoka chini ya barafu. Ni mbali kuliko Dar hadi Mwanza. Mama watoto alitaka tuizunguke yote. Tulijadiliana kwa amani na upendo, na mwisho tukakubaliana upande wa kusini tu, kutoka Reykjavík hadi lile ziwa la vipande vya barafu, Jökulsárlón, na kurudi.

Sasa niseme kilichoniudhi, na nisikilizwe kwa makini, kwa sababu hapa ndipo ugomvi wangu na nchi ile ulipo. Nimeendesha kilomita zaidi ya 350 kwenda na nyingine kama hizo kurudi, na sikuuziwa kitu dirishani. Si hindi la kuchoma wala yai. Mtu anatokaje mji mmoja kwenda mwingine bila kusimamishwa na kijana mwenye sinia kichwani? Ukitoka Dar kwenda Tanga, gari likipunguza mwendo tu, korosho zimeshaingia ndani kabla hujauliza bei. Ukifika Muheza, machungwa. Ukielekea Iringa, pale Ruaha Mbuyuni unabeba vitunguu ambavyo hukuvihitaji, kwa sababu usipovibeba utaulizwa nyumbani ulipitia njia gani. Ndivyo unavyojua umefika wapi. Iceland unajuaje umefika wapi? Unaangalia kibao, huwezi kukisoma, unaendelea.

Ni ardhi tu. Kuna sehemu inaitwa Eldhraun, uwanda wa mawe ya volkano yaliyofunikwa na kigoga laini cha kijani, unaendesha na kuendesha hauishi. Binti yangu alisoma kwenye kitabu cha wageni kwamba mawe yale yalimwagika mwaka 1783 na 1784 volkano ya Laki ilipopasuka, sumu yake ikaua mifugo mingi ya kisiwa, na njaa iliyofuata ikaondoka na karibu mtu mmoja katika kila watano. Nikapunguza mwendo. Kwa dakika kadhaa hata mimi sikulalamika. Kisha tukapita chini ya mlima ule wa Eyjafjallajökull, ambao sitarudia kuuandika, uliofunga anga la Ulaya Aprili 2010 na kuwaacha wakulima wa maua wa Kenya wakiyatazama mawaridi yao yakinyauka ghalani. Umekaa pale umevaa barafu yake, umetulia, hauna habari na mtu.

Madaraja nayo. Mengine ni ya njia moja, gari moja kwa wakati. Kanuni yao ni kwamba aliye karibu zaidi na daraja ndiye anayepita kwanza. Kwetu anayepita kwanza ni mwenye lori. Mara kadhaa nilifika darajani sambamba na mwenzangu wa ng'ambo, wote tukasimama, tukaoneshana ishara za ukarimu, tukasubiriana, hadi mama watoto akasema kwamba vyakula vitatuharibikia. Hakuna aliyepiga honi. Nilitamani sana mtu apige honi.

Na trafiki sikumwona. Ipo kamera kwenye nguzo. Mwendo ni 90 barabara ya lami nje ya mji, 80 kwenye kokoto, 50 mjini, na kamera ile huisalimii, huiulizi habari za familia, haina shemeji yake Tabata anayefahamiana na binamu yako.

Lakini haya yote ningeyavumilia kama gari lingekuwa la kusafiria. Lilikuwa la kumfuata mtu mbio. Kila asubuhi mama watoto anatazama saa yake, anasema leo kuna "kilomita nane nyepesi", anashuka. Kusimama hovyo kwenye Namba 1 hakuruhusiwi na ukingo wenyewe hakuna, kwa hiyo mimi natangulia na watoto hadi maegesho ya mbele, tunakaa ndani tumefunga vioo, tunasubiri. Upepo unalitikisa gari. Kondoo wanakuja kutukagua. Baada ya muda mrefu anatokea mama mmoja wa Kizaramo kwenye upeo wa macho, amevaa kofia ya sufu, anakuja anapumua, na nyuma yake gari la wenyeji linamfuata polepole dereva akitaka kujua kama amepata ajali au amefukuzwa nyumbani. Wenyeji wawili walisimama kumwomba wampe lifti. Mmoja alitufuata hadi maegesho, akaniangalia mimi niliyekaa kwenye joto nakula biskuti, akatikisa kichwa. Nikiri kwamba lugha yao siijui, ila tusi nalitambua.

Kwenye maporomoko ya Skógafoss, maji yanayoanguka mita 60, sisi watu wa kawaida tulisimama chini tukalowa tukapiga picha. Pembeni wameweka ngazi zaidi ya 500 za kupandia juu. Yeye alizipanda, akashuka, akazipanda tena, akisema ni mazoezi ya mapaja. Watalii walikuwa wakimpiga picha yeye. Pale Reynisfjara kwenye ufukwe wa mchanga mweusi kuna taa za kuonya watu, kwa sababu mawimbi yake yanatulia, yanatulia, halafu moja linakuja bila taarifa na kuchukua mtu. Nikamwomba hapo asikimbie. Akakubali, na hapo ndipo nilipoamini kwamba bado tuna ndoa.

Usiku ulinishinda zaidi kuliko mchana, kwa sababu haukuja. Mwishoni mwa Juni jua linazama saa sita usiku na kuchomoza kabla ya saa tisa, na katikati hapo halizimiki, linainama tu nyuma ya mlima. Kitinda mimba alikataa kulala akisema mchana haulaliwi. Mama mkwe ana kawaida ya kutupigia simu kutoka Tanga akimaliza kuswali alfajiri, yaani kwake saa kumi na moja, kwetu saa nane za usiku.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbona nasikia ndege wanalia? Huko si usiku?"

"Ni usiku, mama."

"Na hilo jua ninaloliona kwenye picha aliyotuma mjukuu?"

"Ni la usiku huu huu, mama."

Akanyamaza. Kisha akasema tusikae sana huko, akaahidi kutusomea dua.

Sasa mbio zenyewe. Zinaitwa Mbio za Jua la Usiku wa Manane, zinafanyika Reykjavík kila Juni kwenye bonde la Laugardalur, na watu wanaanza kukimbia kwenye saa tatu usiku, wakati ambao mtu mwenye akili ameshakula na amekaa kwenye taarifa ya habari. Mama watoto aliingia nusu marathoni, vijana wawili wakubwa kilomita tano pamoja na mdogo wao, na mimi nikakuta nimeandikishwa kumi. Namba yangu ilikuwa imeshachapishwa.

Nikajipanga nyuma, kwenye nafasi yangu ya asili. Hawakuniacha. Wazungu wakiona Mwafrika mwenye namba kifuani wanamfungulia njia. Mzee mmoja mwenye kaptura fupi kuliko umri wake aliniuliza kwa shauku, "Kenya?" Nikamwambia Tanzania. "Aa," akasema, "jirani ya Kenya!" akanigusa bega na kunisogeza mbele. Aliyekuwa mbele yake akanisogeza zaidi. Kitambi changu nadhani walikichukulia ni koti. Nikataka kuwaeleza kwamba hata huko Kenya watu wa Lamu hawakimbii, na kwamba kwetu wapo wanaokimbia lakini si sisi wa Pwani, ni wale wa Manyara, Singida na Arusha. Badala yake, kwa uchungu wa nchi yangu, nikamwambia mzee yule kwamba bingwa wa dunia wa marathoni ni Mtanzania, Alphonce Simbu, alishinda Tokyo Septemba 2025 kwa saa 2 dakika 9 na sekunde 48, akimzidi Mjerumani kwa sehemu tatu za mia za sekunde. Uzalendo umenigharimu mengi maishani, ila ule ulizidi. Mzee alifurahi, akawatafsiria wenzake, na kundi zima likanigeukia kwa matumaini mapya.

Tukaachiwa. Nilikimbia mita mia tatu za kwanza kwa heshima ya bendera. Baada ya hapo nikamkumbuka Mtanzania mwingine, John Stephen Akhwari, aliyemaliza wa mwisho marathoni ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968, goti limefungwa bandeji, zaidi ya saa nzima baada ya mshindi, na hadi leo dunia inamheshimu kuliko wengi waliomtangulia. Hiyo nayo ni sifa ya taifa. Nikaifuata hiyo. Walinipita vijana, wakanipita wazee, akanipita mama anayesukuma mtoto kwenye kigari, na mtoto akanipungia mkono. Yule mzee wa kaptura aliponipita aligeuka mara mbili, nadhani akisubiri nianze.

Nilimaliza. Nikavishwa medali, nikapewa maji na ndizi. Nikasubiri. Watu walikuwa wanaondoka. Nikamfuata dada mmoja wa kujitolea nikamuuliza kwa Kiingereza changu chote: baada ya hapa? Akasema baada ya hapa ni bwawa la kuogelea la maji moto, jirani tu, na kila mshiriki anaingia bure.

Niseme kwanza uzuri wake: maji moto ya nchi ile yanatoka ardhini, yanasambazwa hadi kwenye nyumba na mabwawa, yana harufu kidogo ya yai lililochemka, na hayakatiki. Ila kabla hujaingia bwawani lazima uoge. Na kuoga kwao ni bila nguo yoyote, kwa sabuni, kwenye ukumbi mmoja wa wanaume wote, na ukutani kuna picha ya mtu iliyotiwa rangi kwenye maeneo ya kusugua, ili asiwepo wa kusingizia kwamba hakuelewa. Nilikuwa na kijana wangu. Mwanangu wa kumzaa, ninayemkatazaga kuingia sebuleni bila shati! Nilifunga kikoi. Mhudumu akaja kwa upole, akakionesha kikoi, akaionesha picha. Nikamwambia kijana asubiri nje hadi nimalize, na nilipomaliza nikatoka nikiangalia ukuta, naye akaingia akiangalia ukuta mwingine. Suala hilo halijajadiliwa nyumbani na halitajadiliwa.

Ndani ya maji, lakini, nilifika kwangu. Wameweka mabeseni makubwa ya maji moto, na humo wamejaa wazee wamezama hadi shingoni, wanabishana. Sikuhitaji tafsiri, mmoja anashika kidole anahesabu makosa ya serikali, mwingine anasema haikuwa hivyo, wa tatu anacheka pembeni. Ni kijiwe cha kahawa kamili, kasoro kahawa na nguo. Nikakaa humo usiku ule, jua likiwa linatuangalia, hadi vidole vikakunjamana.

Na supu nayo ipo, nisiwasingizie. Niliipata kwenye mgahawa wa kituo cha mafuta njiani: nyama ya kondoo, karoti, viazi, majani juu. Wanaiita kjötsúpa. Bei ya bakuli moja, nikiibadili kwa shilingi, ingewanywesha watu 15 wa jogging yetu na chapati juu, na nilikuwa nimeshasimama niondoke kwa hasira. Binti wa kaunta akaniambia ukilipa mara moja unaruhusiwa kuongeza. Nikarudi nikakaa. Niliongeza hadi wale waliokuwa wakila walipoondoka na wengine wakaja na wao wakaondoka. Mama watoto alikuwa nje anakimbia, nikamtumia ujumbe kwamba asiwe na haraka, aongeze na yeye kilomita.

Nchi ni nzuri, sikatai. Maji ya bombani unakunywa, mlango hufungi, farasi wao wafupi wana nywele za kuonewa wivu na wanapita kwa mwendo ambao abiria hamwagi chai. Lakini mtu akiniuliza kama nitalipa tena nauli ya ndege, viza, na bima ya mchanga ili nikapitwe na mtoto kwenye kigari, jibu ni hapana. Mama watoto sasa anazungumzia Tromsø, Norway, ambako Juni kuna marathoni na jua halizami kabisa. Nimemwambia aende na saa yake.

Wakati huohuo nauza viatu vya kukimbilia, namba 43, rangi ya bluu, soli bado nzima. Bei tutaelewana, ila sikopeshi.